Usiizungushe hereni: utunzaji wa tundu jipya la sikio, pua na kitovu

Mtoto akitogwa masikio leo, kesho hakosi shangazi au jirani wa kuagiza hereni izungushwe asubuhi na jioni "isije ikaganda". Ushauri huo hutolewa kwa mapenzi na umerithiwa kizazi hadi kizazi. Kwa bahati mbaya, huo ni miongoni mwa mambo yanayochelewesha sana tundu kupona. Kuelewa kwa nini, inabidi kwanza tuingie ndani ya tundu lenyewe.

Kidonda cha kawaida hupona kwa kingo zake kushikana. Tundu la hereni haliwezi, maana katikati kuna chuma. Mwili hutafuta njia nyingine: ngozi huanza kutambaa kutoka mdomo wa mbele na kutoka mdomo wa nyuma, ikifuata ukuta wa tundu kuelekea ndani, mpaka pande mbili zikutane. Kinachopatikana mwishoni ni kimfereji kilichovikwa ngozi chote, kama mkono wa shati. Kabla pande hazijakutana, katikati ya tundu ni nyama mbichi, hata kama midomo yote miwili imekauka vizuri na haiumi. Ndiyo maana mtu huapa kuwa amepona wiki ya tatu, akabadilisha hereni, na jioni sikio likavimba.

Ngozi hiyo changa ni nyororo kupita kiasi. Hereni inapozungushwa, vigaga vilivyokauka kwenye mpini wake huburutwa ndani ya mfereji kama punje za mchanga. Ngozi huchubuka, majimaji mapya hutoka, hukauka, na kesho kuna vigaga vipya vya kuburuta. Huko "kuganda" kunakoogopwa ni majimaji yaliyokauka tu, na hayo hulainishwa kwa maji. Nyama haioti ikashikamana na hereni nzuri kwa sababu haikuzungushwa.

Kwa nini sikio moja lina muda miwili

Ndewe, ile sehemu laini ya chini ya sikio, huchukua kama wiki 6 hadi 8. Sehemu ngumu ya juu, yenye gegedu, huhitaji miezi 6 hadi mwaka mzima. Tundu la pembeni mwa pua panapokaa kipini huchukua miezi 4 hadi 6 kwa watu wengi. Kitovu huweza kufika mwaka, kwa kuwa hukunjwa kila unapokaa na kusuguliwa na lastiki ya sketi au fundo la khanga. Ulimi huwahi kupona, lakini siku za mwanzo huvimba hasa, na chuma kinachogonga meno mwaka baada ya mwaka huyapasua na kusukuma fizi nyuma.

Tofauti kubwa hapa ni damu. Ndewe imejaa vijishipa vya damu, na damu ndiyo inayoleta chakula na askari wa mwili. Gegedu halina mshipa wake hata mmoja. Hulishwa na utando mwembamba unaolifunika. Kwa hiyo tundu la juu huenda polepole, na likishambuliwa na vijidudu, msaada hufika kwa shida. Tutalirudia hilo, maana ndilo hatari kubwa katika habari hii yote.

Kuosha

Siku 3 hadi 5 za mwanzo tegemea uvimbe, joto kiasi, maumivu ukigusa, labda na damu kidogo. Baada ya hapo hutoka majimaji mepesi, meupe au ya manjano hafifu, yasiyonuka, ambayo hukauka kuzunguka mpini. Huo si usaha. Ni kazi ya kawaida ya kidonda, na yanaweza kuendelea kwa wiki kadhaa. Usaha ni mzito, umekolea unjano au una ukijani, mara nyingi hunuka, na huja na maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua.

Kinachohitajika ni maji ya chumvi, mara 2 kwa siku. Bora kabisa ni yale ya dukani ya asilimia 0.9, maji yale yale ya dripu. Chupa ya mililita 500 ni nyingi mno kwa tundu moja na haina kihifadhi, kwa hiyo ikishafunguliwa isitumike zaidi ya siku moja. Ulizia vichupa vidogo vya plastiki vya mililita 5 au 10, unavunja kimoja, unatumia, unatupa. Soma lebo: iandikwe Sodium Chloride 0.9%. Karibu yake rafuni huwa kuna vichupa vinavyofanana navyo vya maji ya kuyeyushia dawa za sindano, na hayo hayana chumvi.

Vikikosekana, tengeneza nyumbani. Chemsha maji, yaache yatokote dakika kadhaa, yafunike yapoe hadi uvuguvugu. Pima mililita 250, tia robo kijiko cha chai cha chumvi laini, kijiko kikiwa kimesawazishwa kwa kisu na si kujazwa kilima. Hiyo ni takribani gramu 1.5, hafifu kidogo kuliko ya dukani yenye gramu 9 kwa lita, na uhafifu huo ni salama. Balaa huanza pale mtu anapowaza kuwa chumvi ikizidi ndiyo itaua vijidudu zaidi. Chumvi kali hufyonza maji kutoka kwenye chembe hai, ngozi hukauka, hupasuka, na huwasha. Kwa sababu hiyo hiyo maji ya bahari si dawa, ingawa pwani yote husifiwa hivyo: yana chumvi kama gramu 35 kwa lita, karibu mara 4 ya kipimo kinachofaa, na yana viumbe vyake. Usiogelee baharini wala kwenye bwawa mpaka tundu lipone. Mchanganyiko wa nyumbani utupwe siku hiyo hiyo.

Anza na mikono: sabuni, maji yanayotiririka, sekunde 20, pamoja na chini ya kucha. Lowesha kipande cha shashi safi, kiweke mbele na nyuma ya tundu kwa dakika 3 hadi 5. Hapa ndipo uvumilivu unapolipa. Kigaga kigumu kilichokuwa kimeng'ang'ania mpini kitageuka kama uji na kutoka kwa kupanguswa tu. Kisichotoka kiache hadi jioni. Ukikibandua kwa ukucha, utaona tone la damu, na hiyo ni ngozi ya siku kadhaa uliyoing'oa. Suuza kwa maji safi yaliyochemshwa, kisha kausha kwa shashi kavu au tishu, ukibonyeza bila kusugua. Pamba huacha nyuzi zinazojisokota kwenye mpini, na taulo lina vitanzi vinavyonasa hereni, tena mara nyingi ni bichi na linatumiwa na nyumba nzima. Sehemu inayosahauliwa zaidi ni nyuma ya ndewe, chini ya kishikizo. Unyevu ukibaki hapo mchana kutwa, ngozi huwa nyeupe na laini kama vidole vya mtu aliyefua siku nzima, na ngozi ya namna hiyo haijengi kitu.

Kwa anayetawadha mara 5 kwa siku, maji kupita juu ya kipini au hereni hayaleti madhara. Yanayoleta ni kidole kinachosukuma hereni, na kuondoka pakiwa pamelowa. Mikono ioshwe vizuri kwanza, maji yapite, kisha pakaushwe kwa tishu.

Visivyopakwa

Spiriti, iodini, Dettol na ile haidrojeni peroksaidi inayotoa povu, vyote huua vijidudu, lakini haviwezi kutofautisha kijidudu na chembe changa ya ngozi. Povu humfanya mtu aone kazi inafanyika. Kinachofanyika ni kuunguza ukuta unaojengwa. Vaselini na mafuta ya nazi huziba midomo ya tundu na kufungia uchafu ndani. Dawa ya meno, majivu na mafuta ya taa havina nafasi kabisa kwenye kidonda.

Kuna jambo moja lililoenea sana linalostahili kusemwa peke yake: kufungua kapsuli ya antibayotiki na kumwagia ule unga kwenye tundu. Unga hukutana na majimaji, hukauka kuwa udongo mgumu, na chini yake vijidudu hupata pa kujificha. Baadhi ya watu ngozi huchachamaa kwa mzio, wakadhani ni maambukizi, wakaongeza unga.

Na uzi je? Bibi zetu walitoga kwa sindano na uzi, wakaacha uzi ndani au kipande cha chelewa au kijiti cha mwarobaini, na masikio mengi yalipona vizuri. Wanawake wa pwani walivaa majasi kwenye matundu yaliyotogwa hivyo. Lakini uzi na kijiti hunyonya jasho na majimaji, na kitu kinachonyonya hakisafishiki. Chuma laini kilichong'arishwa hakinyonyi. Kama kuna mtoto ana uzi sikioni sasa hivi, tundu likiwa kavu na halina uvimbe, usiuvute ovyo. Mpeleke kwa muuguzi akaubadilishe kwa hereni iliyotakaswa.

Msuguano wa kila siku

Matundu mengi yanayosumbua hayana vijidudu vya kulaumiwa. Yamechoshwa na kugongwa na kulaliwa. Kulalia tundu la juu la sikio kila usiku hulibadilisha pembe yake polepole, mpaka hereni inatoka upande. Mto wa safari, ule wa duara wenye uwazi, unasaidia sana: sikio linakaa kwenye uwazi, kichwa kinabebwa na ukingo. Usipokuwa nao, vika mto wako fulana safi ya pamba. Usiku wa kwanza lalia mbele, wa pili nyuma, wa tatu igeuze ndani nje, kisha ifue.

Mtandio na hijabu havikatazi kutoga, ila chagua pamba nyepesi, ubadilishe kila siku, na ukifika nyumbani uvue taratibu ukianzia upande usio na kidonda. Nguo za kufumwa kwa matundu hunasa hereni kama ndoano. Simu ifutwe kabla ya kuwekwa sikioni, au ishikwe upande wa pili. Kofia ngumu ya bodaboda hubana sikio, huburuta hereni inapovuliwa, na imebeba jasho la abiria wote wa siku hiyo. Aliyetoga gegedu avae yake mwenyewe yenye nafasi, maana kukaa bila kofia si jibu. Kusuka na kutia dawa za nywele kufanywe kabla ya kutoga, si wiki inayofuata.

Chuma chenyewe

Hereni ya kwanza iwe ndefu kidogo kuliko inavyohitajika, kwa sababu nyama itavimba na uvimbe unataka nafasi. Hereni fupi yenye kishikizo kinachobana humezwa: asubuhi unakuta ndewe imefunika kishikizo, na kukitoa ni kazi ya daktari. Kinyume chake, mpini mrefu ukiachwa miezi mingi huchezacheza na kuchokoza tundu. Uvimbe ukiisha, kwa kawaida kati ya wiki ya 4 na ya 8, rudi kwa aliyekutoga akuwekee mfupi.

Titaniamu ya kiwango kinachotumika kupandikizwa mwilini ndiyo inayoaminika zaidi. Hereni za bei ya chini zilizopakwa rangi ya dhahabu huchubuka, na chini yake mara nyingi kuna nikeli, ambayo huleta mzio wa kuwasha, vipele na majimaji usioisha hata ukiosha namna gani. Fedha haifai kwa kidonda kibichi kwa sababu hubadilika rangi na inaweza kuacha doa jeusi ndani ya ngozi. Dhahabu ni nzuri, lakini hapa mapenzi yetu ya karati 21 na 22 yanatupotosha: dhahabu hiyo ni laini, hupata mikwaruzo midogo isiyoonekana, na mikwaruzo hiyo huchuna ngozi changa. Kwa tundu jipya karati 14 hadi 18 isiyo na nikeli inafaa zaidi. Ile ya bibi ingoje miezi yake.

Mashine ya kutogea yenye umbo la bastola husukuma ncha butu kupita kwenye nyama kwa nguvu ya springi. Ndewe huvumilia, gegedu hupondeka na linaweza hata kupasuka. Zaidi ya hapo, mashine nyingi za aina hiyo zina plastiki isiyovumilia mvuke wa nyuzi 121 unaotumika kutakasa vifaa. Dai sindano mpya yenye uwazi katikati, inayofunguliwa kutoka kwenye pakiti mbele ya macho yako na kutupwa ikishatumika. Sindano moja kupita kwenye masikio ya watoto watatu waliopangwa foleni ni njia ya wazi ya kusambaza homa ya ini aina ya B na virusi vya UKIMWI, hata ikipitishwa kwenye moto wa mshumaa katikati.

Kinundu si lazima kiwe keloidi

Kinundu chekundu au cheusi kando ya tundu humtia mtu hofu, na kwa ngozi zetu hofu hiyo ina msingi, kwani watu wenye asili ya Afrika hupata keloidi, yaani kovu linaloendelea kukua, zaidi. Hata hivyo vinundu vingi si keloidi. Kinundu cha uchokozi hujitokeza ndani ya wiki au miezi michache ya mwanzo, hukaa palepale kwenye mdomo wa tundu, ni chenye majimaji au hutoa damu kirahisi, na hupungua ukiondoa chanzo: hereni ndefu mno, nikeli, kulalia, kuzungusha. Kipe wiki kadhaa baada ya kurekebisha.

Keloidi kwa kawaida huchelewa, miezi 3 na kuendelea, hata baada ya tundu kupona. Ni ngumu, laini juu, huwasha, na alama yake kubwa ni kuvuka mipaka ya kidonda. Tundu lilikuwa na upana wa milimita 1, uvimbe unafika ukubwa wa harage, kisha wa zabibu, na hausimami. Maji ya chumvi hayana kazi hapo. Daktari wa ngozi hudunga dawa iitwayo triamsinoloni ndani ya uvimbe mara kadhaa kwa kupishanisha wiki, na hereni za kubana hutumika kuuzuia usirudi. Kuukata tu bila matibabu ya kufuatia huurudisha mara nyingi, pengine mkubwa kuliko wa kwanza. Aliyewahi kupata keloidi, au ambaye mzazi au ndugu yake anayo, afikirie mara mbili kabla ya kutoga gegedu.

Pale pa kukimbilia hospitali

Ndewe ikiwa na wekundu unaotambaa, joto na usaha, muone mhudumu wa afya. Usiivue hereni mwenyewe kwanza. Midomo ikifunga, usaha unabaki ndani na kuwa jipu. Aamue yeye.

Gegedu ni habari nyingine. Sehemu ya juu ya sikio ikiwa nyekundu, imevimba, ina joto na inauma hata ikiguswa kidogo tu, ilhali ndewe ya chini imebaki ya kawaida, hiyo inaashiria kuwa maambukizi yameingia kwenye utando unaolisha gegedu. Nenda siku hiyo hiyo. Kijidudu kinachokutwa hapo mara nyingi ni Pseudomonas aeruginosa, mkazi wa maji na sehemu zenye unyevu, na amoksilini inayonunuliwa dukani bila cheti haimwui. Daktari huchagua dawa inayomfikia, kama siprofloksasini, na huenda akatoa hereni na kukamua usaha. Ukipoteza siku 4 au 5 ukijaribu amoksilini, gegedu linakosa chakula, linakufa, na sikio linajikunja. Umbo hilo halirudi lenyewe.

Homa, baridi ya mwili, mistari myekundu inayotoka kwenye tundu, au taya kukaza, visingoje asubuhi. Mwenye kisukari, na mwenye vali za moyo zilizoharibika, wazungumze na daktari kabla ya kutoga, kwa sababu vijidudu vikiingia kwenye damu vinaweza kutua kwenye vali hizo. Kwa mtoto mchanga, subiri chanjo. Ile ya mchanganyiko inayotolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14 ina kinga ya pepopunda na homa ya ini B, na masikio hayaharibiki kwa kungoja.

Kubadilisha mara ya kwanza

Hesabu muda wa sehemu yako, kisha ongeza wiki chache ambazo hakuna majimaji, wekundu wala kuwasha. Osha mikono, loweka tundu dakika 5, na safisha hereni mpya kwa maji ya chumvi. Ishike hereni mpya mkono mmoja kabla hujatoa ya zamani, kwani tundu changa la pua linaweza kusinyaa ndani ya saa chache, wakati mwingine dakika. Ingiza kwa pembe ile ile iliyotokea ya zamani. Ikigoma, usisukume: ncha inayotafuta njia kwa nguvu hutoboa ukuta wa mfereji na kufungua kidonda cha pili pembeni ya cha kwanza. Rudisha ile ya zamani kama inapita, na kama hata hiyo haipiti, mfuate aliyekutoga siku hiyo hiyo. Ana pini nyembamba ya kufuatia njia, na akiwahi haitabidi kutoga upya.